Maarifa ya Jumla Yamo Mfukoni Mwako



Kila mwaka, mtihani wa kidato cha nne ukikaribia, wanafunzi wangu huniletea orodha walizonakili kwa mkono: miji mikuu, milima mirefu, washindi wa miaka fulani. Huzikariri usiku, na kufika asubuhi nusu yake imeshayeyuka. Nafundisha Kiswahili na Historia katika shule ya kutwa ya kijijini, yenye kabati moja tu la vitabu. Mara nyingi nasikia ikisemwa kwamba maarifa ya jumla ni ya watoto wa mjini, wenye televisheni na intaneti nyumbani. Mimi sikubaliani na kauli hiyo. Maarifa hayapimwi kwa wingi wa mambo uliyoyakariri, bali kwa swali unaloliuliza kila jambo: kwa nini?

Tuanze na sarafu iliyo mfukoni mwako. Waweza kuiita pesa, hela au shilingi. Neno pesa limetokana na paisa ya India, iliyokuja na biashara ya Bahari ya Hindi. Hela limetokana na heller ya Wajerumani, ambao mwaka 1904 waliigawa rupia ya koloni lao katika heller 100 badala ya pesa 64. Shilingi ni ya Waingereza. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza kutumika mwaka 1921, na Tanzania ikatoa shilingi yake yenyewe mwaka 1966. Kwa maneno matatu tu, umekwisha kupanga vipindi vitatu vya Historia kwa mfuatano.

Fedha hutufikisha pia kwenye fasihi. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice, hakuiita Mfanyabiashara wa Venisi. Aliiita Mabepari wa Venisi. Tafsiri hiyo ilitoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Anayekariri kwamba Nyerere alitafsiri Shakespeare ana taarifa. Anayejiuliza kwa nini alichagua neno mabepari ana hoja, na hoja ndiyo inayojenga insha.

Katika usafiri, tazama reli. Njia ya Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000, ya TAZARA 1,067, na ya SGR 1,435. Kwa nini nchi moja iwe na vipimo vitatu? Ya kwanza ilijengwa na Wajerumani. TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba kutoka China, ili shaba ya Zambia ifike Dar es Salaam bila kutegemea njia za kusini zilizopita Rhodesia ya walowezi. Kwa hiyo ilifuata kipimo cha reli za Zambia. SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, inafuata kipimo kinachotumika zaidi duniani. Ndani ya namba hizo tatu mna ukoloni, ukombozi na biashara ya leo.

Michezo nayo ina namba zake. Mbio za marathoni ni kilomita 42.195. Kwa nini zisiwe 42 kamili? Kwa sababu katika Olimpiki ya London ya mwaka 1908 mbio zilianzia kasri la Windsor na kuishia mbele ya jukwaa la familia ya kifalme, na baadaye urefu huo ukawa kanuni. Ndio urefu alioumaliza Mtanzania John Stephen Akhwari kule Mexico City mwaka 1968, akiwa ameumia goti, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia.

Mwanafunzi mmoja wa kike aliwahi kuniuliza, “Mwalimu, baleti itanisaidia nini mimi ambaye sijawahi hata kuiona?” Nilimweleza kwamba ngoma hiyo ilizaliwa katika majumba ya watawala wa Italia, ikakulia Ufaransa. Mfalme Louis XIV, aliyekuwa mchezaji mwenyewe, alianzisha chuo cha ngoma mwaka 1661. Ndiyo maana hadi leo wachezaji wa Moscow na wa Tokyo hutaja hatua zao kwa Kifaransa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi ndiyo maana sisi tunasema penalti na kona. Mpira ulitoka kwa Waingereza. Na taarabu je, si neno la Kiarabu?” Hajawahi kuiona baleti, lakini siku ile aliitumia kuelewa muziki wa pwani yetu.

Kwa hiyo, chukua daftari dogo na uligawe katika safu tatu: jambo gani, lini, kwa nini. Andika jambo moja tu kila siku. Safu ya tatu ikiwa tupu, mwulize mwalimu, mzazi au mwenzako kabla ya kuendelea. Katika chumba cha mtihani usimwage yote unayoyajua. Chagua mfano mmoja unaogusa swali, eleza sababu yake, kisha uuunganishe na hoja yako. Mwaka usio na uhakika nao, uache.

Nakutakia maandalizi mema.