Mkuza Uliopita Shambani: Safari ya Kusini na Deni Nililolikuta Nyumbani



Ndugu zangu Waislamu, na hasa akina mama na mabinti zetu mnaousoma ukurasa huu kila wiki, nawaletea habari ya safari. Ilianza kwa swali nililoulizwa darasani. Mwezi Mei 2021, serikali ya Kenya na ya Tanzania zilitia saini makubaliano ya kushirikiana kujenga bomba la kusafirisha gesi asilia kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Tangu habari hiyo ilipotangazwa, akina mama wa darasa langu la upande wa Kwale hawakuacha kuniuliza: "Sheikh, bomba hilo likija litapita wapi? Na likipita shambani kwangu, nitakuwa na haki gani?" Jawabu sikuwa nalo. Niliwaambia wasubiri, kwani si uungwana kwa mwenye elimu kidogo kusema asilolijua.

Mwezi wa Mfungo Mosi nikapata sababu ya kwenda. Mwanafunzi wangu wa zamani, aliyehamia Mtwara, alinialika kumuozesha binti yake. Nikasema moyoni, hii ni fursa ya kuona kwa macho yangu nchi ambayo bomba limekwisha kupita, na kuwasikiliza watu wake.

Nilivuka Likoni alfajiri, nikapita Lunga Lunga na Horohoro, nikalala Tanga, na siku ya pili nikalala Dar es Salaam. Siku ya tatu nikashika njia ya kusini. Mji unaachana nawe polepole baada ya Mbagala. Kisha huja mikorosho na minazi ya Mkuranga, na baadaye bonde pana la Rufiji na daraja la Mkapa, ambalo kabla halijafunguliwa mwaka 2003 watu walikuwa wakivuka kwa kivuko. Ukilipita daraja hilo, unahisi umeingia nchi nyingine: misitu, nyumba za udongo zilizotengana, na misikiti midogo iliyopakwa chokaa.

Hapo ndipo jirani yangu wa kiti, mzee wa Kilwa, aliponionyesha mkuza. Mkuza ndiyo njia iliyofyekwa kwa ajili ya bomba. Kwa mbali utadhani ni barabara iliyosahauliwa: ukanda wa majani mafupi ulionyooka, hauna mti mkubwa ndani yake, na kando yake mna vigingi vya alama. Bomba lenyewe huwezi kuliona, limezikwa. Mti wenye mizizi mirefu haupandwi juu yake, kwa kuwa mizizi huweza kuliharibu. "Kila uonapo uwazi huo," mzee akaniambia, "jua palikuwa na shamba la mtu."

Nawapa habari ya gesi hiyo kwa ufupi. Iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo, wilaya ya Kilwa, mwaka 1974, kisha Mnazi Bay, kusini ya Mtwara, mwaka 1982. Bomba la kwanza, lililotoka Songo Songo, lilianza kufikisha gesi Dar es Salaam mwaka 2004. La pili ni kubwa zaidi: linaanzia Madimba, Mtwara, linapita Lindi, Kilwa, Rufiji na Mkuranga, na urefu wake pamoja na tawi la Songo Songo unazidi kilomita 500. Upana wake ni inchi 36, mtoto wa chuo angeweza kupita ndani yake akitambaa. Lilijengwa kwa mkopo mkubwa kutoka China na kuzinduliwa mwezi Oktoba 2015.

Insafu inatutaka tuseme na mema yake. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya umeme wa Tanzania ulitokana na gesi hiyo. Hospitali, viwanda, na taa anayosomea mwanafunzi usiku, vyote vimenufaika. Kisiwa cha Songo Songo chenyewe kimepata umeme wake kutokana nayo. Anayesema bomba ni balaa tupu hasemi kweli, na anayesema ni neema tupu naye hasemi kweli.

Nilifika Mtwara siku ya nne, na nikah ikafungwa kwa salama, alhamdulillahi. Jioni, wanaume walipokaa barazani, nikauliza habari za bomba. Kukawa kimya kidogo. Kisha mwenyeji mmoja akasema, "Sheikh, mwenye kovu usidhani kapoa."

Alikuwa akikumbuka miaka ya 2012 na 2013. Mwezi Desemba 2012 watu wa Mtwara waliandamana kuuliza kwa nini gesi inapelekwa Dar es Salaam, na wao iliyotoka chini ya miguu yao watabaki na nini. Mwezi Mei 2013, siku bajeti ya wizara ya nishati iliposomwa bungeni, ghasia zilizuka tena. Watu walikufa, mali ikachomwa, na jeshi likaingia mjini. Sikwenda kuhukumu nani mkosa. Lakini katika maneno yote niliyosikia usiku ule, lililojirudia halikuwa la fedha. Walisema, "Hatukuulizwa." Wengine wakasema waliulizwa kwa namna ambayo haikuwafikia.

Siku ya pili mwanafunzi wangu akanipeleka kijijini kwa bibi yake mzaa mama. Kijiji sitakitaja. Tulimkuta ugani akibangua korosho, nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, akaagiza nipewe mkeka. Nilipomweleza nilichokuja kutafuta, aliinuka bila kusema, akanichukua nyuma ya nyumba. Mkuza ulikuwa pale, hatua chache tu kutoka jikoni kwake.

"Hapa ilikuwepo mikorosho kumi na mmoja," akasema. "Nimeipanda kwa mkono huu. Shamba ni la mama yangu, aliniachia mimi."

Nikamuuliza kama alilipwa fidia.

"Fidia ililipwa. Walikuja na karatasi wakahesabu miti. Mkutano ulifanywa mchana, sisi wanawake tuko kisimani na mashambani. Mume wangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwepo, ikaandikwa miti yake. Fedha zilipita mkononi mwake. Kiasi kiliezeka hii nyumba bati, kiasi sikukiona. Simsemi vibaya, hakuiba. Aliulizwa shamba la nani, akasema letu. Na aliyeandika akaandika jina moja."

Mkorosho huchukua kiasi cha miaka mitatu hadi mitano kuanza kuzaa, na baada ya hapo huweza kuzaa kwa makumi ya miaka. Fidia hulipwa siku moja, na mti ulikuwa ukimlipa kila msimu. Bibi alinionyesha pia mahali waliposimama wapimaji walipoambiwa kuna makaburi ya zamani mbele yao. Hapo njia iligeuzwa kidogo, kwa sababu mzee mmoja alikuwepo akasema. "Makaburi yalipata msemaji," akasema bibi, akacheka kidogo. "Mikorosho yangu haikupata."

Tuliporudi ugani akaendelea kubangua. Moshi wa kuni ulikuwa ukitoka jikoni. Gesi inapita chini ya ardhi hatua chache nyuma ya jiko hilo, na yeye angali anapikia kuni.

Ndugu msomaji, kabla ya mradi kama huu kuanza, sheria za nchi zote mbili zinataka ifanywe tathmini ya athari kwa mazingira na kwa jamii. Wengi wetu tukisikia neno hilo tunadhani ni kazi ya wahandisi. Mimi niliyaelewa maana yake nyuma ya jiko la bibi yule. Tathmini ni kuuliza kabla ya kuchimba. Mto utavukwa vipi, na maji ya kisima yatabaki safi? Udongo wa juu wenye rutuba utawekwa kando urudishwe juu, au utachanganywa na wa chini na shamba life? Mikoko na matumbawe ambamo samaki huzaliana vitaguswa? Gesi ikivuja, nani atawajulisha watu, na wakimbilie upande gani? Kambi ya wafanyakazi wageni itawekwa wapi, na mabinti zetu watalindwaje? Na shamba ni la nani hasa, nani analilima, na nani atakula nini likiondoka?

Dini yetu ilitufundisha jambo hili zamani. Imetukataza kudhuru na kulipizana madhara. Wanazuoni wa fiqhi wakasema kuondoa mafsada hutangulia kutafuta maslahi, na wakakubali kwamba dhara la mtu mmoja laweza kubebwa kwa ajili ya maslahi ya umma, lakini kwa sharti haki yake ilipwe kamili. Ardhi ni amana, na sisi ni makhalifa juu yake. Na shura, ndugu zangu, haitimii ikiwa nusu ya wenye haki wako kisimani.

Kwetu Kenya, sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inaitaka miradi ya mabomba ifanyiwe tathmini, na kanuni zake za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi atangaze kwa mabango, magazeti na redio, na afanye mikutano na wananchi isiyopungua mitatu. Msidhani haya ni maneno ya karatasini tu. Ndugu zetu wa Lamu walipopinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, baraza la kitaifa la mashauri ya mazingira lilifuta leseni ya mradi ule tarehe 26 Juni 2019, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliuliza wakiwa na dalili mkononi, nao wakasikilizwa.

Basi akina mama, jawabu la swali lenu ni hili. Ukitangazwa mkutano, nendeni, na ikiwa saa yake ni ya kazi zenu, ombeni ibadilishwe kabla ya siku kufika. Takeni maelezo yatolewe kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani ikibidi. Miti ikihesabiwa, simameni pale, hesabuni pamoja nao, na muwe na nakala ya karatasi. Onyesheni visima, makaburi, misikiti na njia za kwenda baharini. Msitie saini wala kidole katika maandishi ambayo hamkusomewa. Na aulizaye shamba la nani, ajibiwe kwa majina yote.

Nilidhani makala yangu yataishia hapo. Lakini katika basi la kurudi, tulipokuwa tukipita Rufiji usiku, jambo moja lilininyima usingizi. Nilijiuliza: wapimaji wakija Kwale kesho, wakasimama katika shamba la marehemu baba yangu, wataandika jina la nani?

Baba amefariki miaka tisa iliyopita. Ameacha mjane, ambaye ni mama yetu, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Mirathi yake mimi naijua bila kufungua kitabu, maana ndiyo ninayoifundisha. Shamba lagawanyika mafungu manane: mama fungu moja, kila mwana wa kiume mafungu mawili, kila binti fungu moja. Hesabu ni nyepesi, mtoto wa chuo aweza kuifanya kwa vidole. Nami kwa miaka tisa sijaifanya. Hati ingali kwa jina la baba. Ndugu yangu analima, mimi nagaiwa nazi, na dada zangu wakija hupewa mihogo ya kubeba kama wageni. Hawajanidai hata mara moja. Nilikuwa nikiuita ukimya wao kuwa ni ridhaa.

Nikamkumbuka bibi akisema mume wake hakuiba. Mimi nami sikuiba. Lakini bomba, au barabara, au lolote litakalokuja, litamkuta nani ana jina na nani hana, na litalipa kwa jina. Dhulma itakayoandikwa siku hiyo itakuwa ya mtathmini kwa kalamu tu. Asili yake itakuwa ni kuchelewa kwangu.

Nilipofika Mombasa sikwenda nyumbani kwanza. Nilikwenda kwa dada yangu mkubwa. Nikamwambia, "Dada, nimekuja kuomba radhi." Akadhani nimefanya jambo kubwa huko safarini. Nilipomweleza, alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Tulikuwa tukikungoja wewe, maana wewe ndiye sheikh." Maneno hayo yalinichoma kuliko lawama.

Wiki iliyofuata tulikaa sote sita, na mama katikati yetu, tukaandika. Faili limefunguliwa katika mahakama ya kadhi, na wapima ardhi wamealikwa kuweka mipaka. Nazi za msimu huu zimegawanywa kwa mafungu manane. Miaka tisa iliyopita tunaisuluhisha kwa kusikilizana, na dada yangu mdogo, niliyemdhania mpole, amekuja na daftari lake la hesabu.

Kwa hiyo nawaomba wanaume wanaosoma ukurasa huu, kabla hatujaidai serikali haki ya fidia, tutazame hati zilizomo masandukuni mwetu zina majina ya nani. Nanyi akina mama, ulizeni. Kudai fungu alilowapa Mwenyezi Mungu si kuvunja udugu.

Ewe Mola, ibarikie ardhi yetu na vilivyomo ndani yake, utupe viongozi wanaouliza kabla ya kuchimba, na utukinge tusiwe madhalimu majumbani mwetu huku tukilia dhulma ya wengine. Amin.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.