Taa za gari ya zamani: kabla ya kununua ampule, fuata njia ya umeme

Nyunzu. Taa ya mbele ya gari ikififia hapa kwetu, wa kwanza kushitakiwa ni ampule, ile ambayo ninyi mliopitia Kigoma mnaiita balbu. Gari ya baba mdogo, Hilux ya zamani yenye usukani wa kuume, ilinunuliwa ampule mbili mpya ndani ya majuma matatu, kila moja kwa bei ya meka kadhaa za unga wa mahindi. Taa zikabaki vilevile: za manjano, dhaifu, zinaonyesha hatua kumi mbele ya gari na kisha giza. Ampule za kwanza, zile zilizotolewa na kutupwa ndani ya dashibodi, zilikuwa nzima. Tulikuja kuzigusisha kwenye batri, zikawaka zote mbili.

Mtashangaa kwa nini mwandishi wa redio, aliyezoea kuwaletea habari za usalama, bei ya mahindi na safari za treni, leo anazungumzia nyaya za gari. Ninyi mnaoishi pembeni ya barabara hamtashangaa. Jua likizama, kati ya saa kumi na mbili na saa moja, barabara zetu bado zimejaa watu: akina mama wanarudi shambani na mabeseni ya muhogo kichwani, vijana wanasukuma baiskeli zenye magunia ya makala, watoto wanatoka kisimani. Familia zilizohamishwa na vita ndizo zinazotembea zaidi usiku, maana shamba la kukodi na kuni viko mbali na kambi. Gari isiyo na taa nzuri haiwaoni.

Mwezi wa pili, usiku wa mvua, shemeji wa mama mmoja mhamishwa alikuja kugonga mlangoni kwa baba mdogo. Mama ameshikwa na uchungu, na watu wa moto wamekataa kwa sababu ya matope. Tukaenda. Kijana mmoja alisimama nyuma akimulika kwa tochi juu ya paa la kabini, nami niliketi mbele nikitoa kichwa dirishani. Njia ambayo mchana ni ya dakika kumi na tano tuliimaliza kwa karibu saa nzima. Karibu na reli kulikuwa na mzee aliyeegesha baiskeli yake katikati ya njia ili afunge mzigo upya. Tulimwona gari ikiwa imebaki hatua nne tu. Mama alifika hospitali, akajifungua mtoto wa kike kabla ya mapambazuko. Baba mdogo hakulala. Asubuhi akasema: « Gari hii haitoki tena usiku mpaka nijue umeme unapotelea wapi. »

Fundi tuliyempata ni mhamishwa mwenyewe. Alikimbia kijiji chake na mfuko mmoja wa funguo, na sasa anafanya kazi chini ya mwembe. Hana mashine. Ana ufunguo wa kumi, wa kumi na mbili, wa kumi na nne, pinzi, kipande cha msasa, na kitaa alichokitengeneza mwenyewe: ampule ya kionyeshi cha kupinda, ya wati 21, iliyofungwa nyaya mbili ndefu. Nilimuuliza kwa nini hakuchukua ampule ndogo ya wati 5, ambayo haili umeme. Akacheka. « Ndugu mwandishi, hiyo ndogo inadanganya. » Nilimwelewa baadaye. Kutu ikibakiza kanjia kembamba, umeme kidogo unapita na ampule ndogo inawaka vizuri kabisa, nawe unafikiri waya ni mzima. Ampule kubwa inapodai umeme mwingi, ndipo ubovu unajionyesha.

Hakugusa ampule kwanza. Aliuliza: zimefifia zote mbili au moja? Moja ikizimika peke yake, angalia ampule yake, soketi yake na fizibu yake, maana kwenye magari mengi kila upande una fizibu yake. Zikififia zote mbili kwa wakati mmoja, si rahisi ampule mbili kuugua siku moja. Tafuta pale ambapo njia zao zinakutana: batri, rele, komodo ile ya kuwashia taa kando ya usukani, na masi.

Masi ndiyo inayosahauliwa. Watu wanafuata waya wa chanya kama wanavyofuata maji ya bomba, wakifikiri kwamba yakifika yamefika. Umeme lazima urudi kwenye batri, na ndani ya gari unarudi kupitia bati na shasi. Bolti iliyoshika waya wa masi ikipata kutu, taa inafifia kama vile batri imechoka. Dalili moja ya kuikumbuka: ukiwasha kionyeshi cha kupinda na taa nyingine inapepesa pamoja nacho, shuku masi, kwa sababu umeme uliokosa njia ya kurudi unapitia kwa jirani.

Na Toyota nyingi za zamani zina jambo lao. Kwenye gari nyingine, komodo inakata na kupeleka chanya. Kwenye hizi Toyota, chanya inafika kwanza kwenye ampule kupitia fizibu na rele, halafu komodo ndiyo inayofunga upande wa masi, ama kwa taa fupi ama kwa taa ndefu. Fundi asiyelijua hilo anatafuta chanya kwenye waya wa taa fupi, haioni inavyotakiwa, anakata na kuunga waya wake mwenyewe. Gari ya baba mdogo ilikuwa na viungo vitatu vya namna hiyo, vimefungwa kwa plastiki ya mfuko.

Fundi akawasha taa fupi na kugusa chanya ya ampule kwa kitaa chake, mguu wa pili wa kitaa ukiwa kwenye alama ya hasi ya batri. Kikawaka vizuri. Basi chanya inafika. Kisha akachukua waya mmoja kutoka hasi ya batri na kuugusisha moja kwa moja kwenye mguu wa taa fupi nyuma ya ampule. Taa ikalipuka nyeupe, kuku wakakimbia. Kazi ya kutafuta ilikwisha pale: ubovu uko kwenye njia ya kurudi. Aliufuata waya kutoka komodo hadi bolti iliyo chini ya dashibodi, karibu na mguu wa shofa, mahali ambapo maji ya mvua yanaingia kupitia mlango. Bolti ilikuwa kahawia kabisa. Akaifungua, akasugua bati na pete ya waya kwa msasa hadi vikang'aa, akakaza, akapaka grisi juu.

Nilikuwa nimeazima kipimo cha umeme cha tekinisia wetu wa redio, kile anachopimia batri za sola. Injini ikiwa inanguruma, ampule ilikuwa inapata volti 9.8. Baada ya msasa ikapata 13.1. Msione tofauti hiyo kuwa ndogo. Mwanga wa ampule ya kawaida hauanguki sawasawa na volti, unaanguka haraka zaidi: ukipunguza volti kwa sehemu moja ya kumi, unapoteza karibu theluthi ya mwanga.

Ndani ya kisanduku cha fizibu tulikuta kitu kilichonikasirisha kuliko kutu. Mahali pa fizibu moja mtu alikuwa amezungusha waya wa shaba. Ampule ya wati 55 kwenye volti 12 inakula chini ya ampea 5. Fizibu ya 10 au 15 inatosha. Waya wa shaba haukatiki. Siku nyaya zikigusana, zitakazoungua ni nyaya zenyewe, na gari hii inabeba bidoni za mafuta na watu juu yake. Hali kadhalika zile ampule za wati 100 ambazo wauzaji wanazisifu sokoni: zinayeyusha soketi na komodo zisizotengenezwa kwa ajili yake. Na ukibadilisha ampule yoyote ya namna hii, usishike kioo chake kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanakipasha moto mahali pamoja na kukipasua. Tumia kitambaa safi.

Bado kulikuwa na jambo la usukani wa kuume. Magari haya yanapita Dar es Salaam na Kigoma, yanavuka ziwa hadi Kalemie, na yametengenezwa kwa nchi zinazoendesha kushoto. Taa yao fupi inainua mwanga upande wa kushoto, kumulika ukingo wa barabara. Sisi tunaendesha kulia, kwa hiyo mwanga huo unakwenda usoni kwa anayekuja. Dawa kamili ni taa za nchi za kulia, lakini hapa Nyunzu hazipatikani. Fundi aliegesha gari hatua tano kutoka ukutani, akapakia magunia manne nyuma kwa sababu mzigo unainua pua ya gari, kisha akapunguza skurubu za taa hadi mwanga ukashuka chini ya kifua cha mtu.

Malipo yake yalikuwa chini ya bei ya ampule moja. Siku hizi shofa wakimletea ampule ya kionyeshi iliyo nzima na nyaya mbili, anawatengenezea kitaa kama chake bila kuwadai kitu. Changu kiko ndani ya begi, pamoja na rekoda.