Gia ya Pili na Neno Mchapuko

Kwa miaka 33 nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari, na katika miaka hiyo yote nilisafiri kwa basi, kwa lifti ya lori la mahindi, na mara nyingi kwa miguu. Gari nililipata baada ya kustaafu: pikapu kuukuu ya petroli, yenye gia tano za mkono, niliyoinunua kwa sehemu ya kiinua mgongo. Mke wangu alishauri tununue ng'ombe wawili wa maziwa. Sikumsikiliza, na hajaacha kunikumbusha.

Udereva nilijifunza nikiwa na miaka 61. Kijana aliyenifundisha alinisisitizia kubadili gia mapema: injini ikianza tu kupaza sauti, kanyaga klachi, ingiza inayofuata. Ni fundisho jema kwa mjini. Huokoa mafuta, na injini haiungurumi bure. Kwa safari zangu za kutoka hapa Singe hadi sokoni Babati sikuhitaji zaidi. Hakuniambia kwamba upo wakati ambapo kanuni hiyo haina budi kuvunjwa, nami, mwalimu mzima, sikuuliza.

Siku hiyo tulikuwa tukirudi kutoka msibani Kondoa, mimi na mke wangu. Ukishapita Kolo barabara huanza kupanda vilima, nasi tukajikuta nyuma ya lori lililosheheni magunia, likijikokota kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Tulipofika kwenye kipande kilichonyooka nikaona mbele ni peupe. Nikaashiria, nikatoka kulia, nikakanyaga mafuta. Nilikuwa gia ya tatu. Injini ilipoanza kunguruma tu, mguu na mkono vikafanya vilivyofundishwa: klachi, gia ya nne. Gari likalegea kama mtu aliyekatika pumzi. Nipo ubavuni mwa lori, sisongi mbele, na kule juu kilimani likachomoza basi.

Aliyetuokoa ni dereva wa lori. Alifunga breki, akaegemea kushoto, nasi tukapenya. Honi ya basi lile nilikuja nayo masikioni hadi Bonga. Mke wangu hakutamka neno. Tulipofika nyumbani aliteremka, akafunga mlango taratibu, na kwa wiki sita zilizofuata alikwenda kliniki yake ya shinikizo la damu kwa bodaboda.

Nilimpelekea habari hii fundi mmoja aliyepata kuwa mwanafunzi wangu. Enzi zile insha zake zilinitoa jasho. Sasa zamu ya kutoa jasho ilikuwa yangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Nikamweleza yote, bila kujipendelea.

Alitikisa kichwa. "Mwalimu, gia kubwa hutunza mbio, haizitafuti."

Akachukua kipande cha boksi na kuandika. Katika gari kama langu, gia ya kwanza huzidisha nguvu ya kuzungusha inayotoka kwenye injini mara tatu na nusu hivi. Ya pili mara mbili. Ya tatu mara 1.3, ya nne huipitisha ilivyo. Kwa hiyo nilipotoka gia ya tatu kwenda ya nne nilitupa karibu robo ya msukumo wa magurudumu, tena mlimani. Na si hilo tu. Nikiwa kilomita 45 kwa saa, injini ilikuwa ikizunguka mara 2,700 kwa dakika. Gia ya nne ikaishusha hadi 2,100 hivi. Injini ya petroli ya namna ile hupata uwezo wake mkubwa kwenye mizunguko 5,000 au zaidi. Mimi nilikuwa nimeilaza.

Nilipaswa kushuka gia ya pili kabla sijatoka nyuma ya lori, wakati bado nina nafasi ya kughairi. Kwa kilomita 40 mshale ungesimama karibu na 3,700, nami ningeivuta gia hiyohiyo hadi kilomita 60, penye mizunguko 5,500, chini kidogo ya alama nyekundu. Hapo ndipo pa kuingiza ya tatu, ambayo ingeipokea injini kwenye 3,600 ingali na nguvu. Anayetaka kasi ya haraka hung'ang'ania gia aliyomo mpaka pale msukumo wake unaposhuka kufikia ule ambao gia inayofuata ingeutoa. Akibadili mapema huipokonya injini nguvu. Akichelewa huiumiza bila faida. Fundi alinionya nisiyahubiri haya kwa jirani yangu mwenye gari la dizeli: injini zile nguvu zake zi kwenye mizunguko ya chini, na hazipendi kupigishwa kelele.

Akaongeza jambo ambalo sikulitarajia. Sisi wa Babati tuko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000, maana hewa ni nyepesi. Kumbe pikapu yangu ilikuwa imechoka kabla haijafika kilimani.

Nilirudi nyumbani nikiwaza maneno. Tangu uchaguzi wa mwaka 2015 siasa zetu zimeuzoea msemo wa "kubadili gia angani", na kila nilipousikia nilicheka. Sicheki tena. Lakini lililonikaa zaidi ni mchapuko, istilahi ya wanafizikia ambayo siku zote niliiona imechongwa mezani. Sasa naiona katika chapua, kama mama anavyomwambia mtoto "chapua miguu" mvua inapokaribia. Mama hamwambii mtoto apige hatua ndefu. Hatua fupi, za upesi, ndizo zitokazo kwenye matope. Hiyo ndiyo gia ya pili.

Nilifanya mazoezi alfajiri, kwenye barabara ya changarawe, nikisikiliza. Miaka yote niliwakemea wanafunzi waliokata pumzi katika mizani ya sita wakati kituo cha tarbia kipo kwenye ya nane. Sasa nilijikemea mwenyewe kwa sauti, peke yangu ndani ya gari; ng'ombe wa watu walinitazama.

Siku ya kliniki mke wangu alitoka na mkoba wake, akasimama karibu na mlango wa pikapu.

"Leo utapita malori?"

"Leo hakuna haja."

Akapanda. Tulipoingia barabara kuu kulikuwa na basi dogo linakuja nyuma yetu, nikaishikilia gia ya pili.

"Mbona linapiga kelele hivi?"

"Linachapuka."

Akafunga mkanda, jambo ambalo awali hakuwa akilifanya. "Basi lisichapuke sana," akasema.