Imeanza Kushika?

Ukitaja "fangasi" hapa Nairobi, mtu anakuangalia vidole vya miguu. Lakini kuna fangasi za udongoni ambazo mwanasayansi R. Michael Miller alizifuatilia kwa miongo kadhaa, na tangu nisome kazi yake, siutazami udongo vile nilikuwa nautazama.

Miller alifanya kazi Argonne, maabara ya serikali ya Marekani karibu na Chicago. Illinois huitwa jimbo la prairi, yaani nyika za nyasi zinazoweza kumpita mtu mzima kwa urefu. Mwaka wa 1837 John Deere alitengeneza huko plau ya chuma cha pua iliyokata udongo mzito bila kunata, na nyika zikageuka mashamba. Leo haijabaki hata asilimia 1.

Mwaka wa 1975, kwenye ardhi ya Fermilab, kituo cha utafiti wa fizikia, Robert Betz na watu wa kujitolea walianza kurudisha prairi, kipande baada ya kipande, kwa mbegu walizookota kwa mikono.

Wageni walitazama nyasi. Miller na mwenzake Julie Jastrow walichimba. Walitafuta mikoriza: kuvu zinazoishi ndani ya mizizi na kutandaza nje nyuzi nyembamba kuliko unywele. Kuvu huletea mmea fosforasi, mmea huilipa sukari. Na nyuzi hizo, pamoja na vijizizi, hufunga chembe za udongo zikawa madonge yasiyovunjwa na mvua kirahisi.

Walipolinganisha vipande vya umri tofauti, waliona madonge yakirudi ndani ya mwongo mmoja hivi. Lakini kaboni iliyopotea mashambani? Hiyo, kwa hesabu za Jastrow, itachukua karne.

Hapo ndipo mimi hukwama. Unaamkaje kila asubuhi kwa kazi ambayo hata wajukuu hawataiona ikiisha? Niko na miaka 26, na kila Krismasi nikifika ushago lazima mtu aniulize, "Sasa wewe umefika wapi?"

Kinachonituliza ni yale madonge. Kaboni hudumu vizuri ikifungiwa ndani yake, kwa hivyo lazima udongo ushikane kwanza. Miller na mwenzake hawakukaa tu wakingoja karne zipite. Walikuwa wanapima kama udongo umeanza kushika. Hilo ningelijibu bila kutazama chini.