Masizi ya Bibi

Tulipoanua matanga ya Bibi hapa Mwaya, nilitumwa Kyela mjini kurudisha viti na maturubai. Niliporudi, baba wadogo walikuwa wameshapaka chokaa chumba chake. Lile doa la masizi juu ya kitanda, lililopanda ukutani kama mkia wa jogoo hadi kwenye mianzi ya dari, halikuwepo. Miaka na miaka ya koroboi moja ya kopo la maziwa. Sikusema kitu. Nani hugombana na usafi?

Utotoni tulilala humo, na asubuhi kamasi zilitoka nyeusi. “Penga vizuri, mume wangu,” alikuwa akiniambia, huku naye akikohoa. Najua masizi yale hayakukitendea wema kifua chake. Hata hivyo niliyataka.

Jioni nikashuka ziwani. Juu kabisa ilipita ndege, pengine ya Nairobi kwenda Johannesburg, maana ukivuta uzi baina ya miji hiyo unapita karibu na hapa. Nyuma yake, mstari mweupe.

Mafuta ya jeti na mafuta ya taa ni ndugu wa tumbo moja. Yakiungua injini hutema masizi vilevile, ila chembe zake ni ndogo mno: panga elfu moja kwa mstari, hazifiki unene wa unywele. Huko juu, kwenye baridi ya nyuzi 40 na zaidi chini ya sifuri, mvuke huzishika chembe hizo na kuganda. Kumbe weupe ule una masizi moyoni. Hewa ikiwa na unyevu wa kutosha, mstari hutanuka ukawa wingu jembamba, na usiku wingu hilo huzuia joto la dunia lisipande. Kwa miaka mingi kanuni za injini zilijali hasa moshi unaoonekana kwa macho. Mwaka 2020 ndipo ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, lilipoamua chembe zenyewe zihesabiwe.

Bibi hakuwahi kupanda ndege. Mstari ulitawanyika, giza likaingia.

Nilirudi chumbani, nikapitisha kidole juu ya fremu ya mlango, pale ambapo brashi haikufika. Kikatoka cheusi.

Usiku ule wali niliula kwa kijiko.