Mwigizaji Bora wa 1940

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 3 Machi 2014, habari iliwafikia wakazi wa mtaa wa Jericho kabla ya chai kupoa. Kule Los Angeles, ambako bado ilikuwa Jumapili usiku, Lupita Nyong'o alikuwa ametunukiwa Tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike, kwa kuigiza nafsi ya Patsey, mtumwa wa shamba la pamba, katika filamu ya 12 Years a Slave. Redio za matatu kwenye Barabara ya Jogoo hazikuwa na jambo jingine la kusema. Vijana waliomkumbuka kutoka tamthilia ya runinga ya Shuga walijigamba kana kwamba walikuwa wamekaa naye dawati moja.

Katika nyumba moja ya vyumba viwili, miongoni mwa zile zilizojengwa na baraza la jiji, furaha hiyo ilizaa ubishi. Ubishi ulianza Jumatatu na haukupata nafasi ya kuchacha barabara mpaka Jumapili iliyofuata, familia ilipokusanyika. Walikuwa watatu: mjomba, mpwa wake wa kike aliyekuwa mwaka wa tatu chuo kikuu akisomea Kiswahili na fasihi, na nyanya aliyekuwa amevuka umri wa miaka 80, ambaye alikaa mlangoni akichambua kunde na aghalabu hakuhesabiwa miongoni mwa wabishi.

Mjomba alikuwa na daftari. Katika ujana wake alichana tikiti katika jumba moja la sinema mjini, jumba ambalo baadaye liligeuzwa kanisa, na humo ndimo alimopata maradhi ya kupenda filamu kongwe. Daftarini alikuwa ameorodhesha kwa kalamu ya wino majina ya waigizaji bora wa kike tangu tuzo zilipoanza. Hoja yake ilikuwa kwamba huwezi kumpima mkimbiaji wa leo bila kumjua Kipchoge Keino. Vivyo hivyo, anayetaka kumsifu Lupita hana budi kuanzia mwanzo.

Mwanzo wenyewe haukuwa na mbwembwe. Tarehe 16 Mei 1929, katika dhifa iliyoandaliwa kwenye hoteli ya Roosevelt huko Hollywood, tuzo zote ziligawiwa kwa muda wa robo saa hivi, na washindi walikuwa wamekwisha kutangazwa miezi mitatu kabla. Janet Gaynor, msichana wa miaka 22, alipewa tuzo moja kwa filamu tatu: 7th Heaven, Street Angel na Sunrise. Mjomba alishikilia kwamba hajatokea mwingine. Filamu hizo zilikuwa bubu, lakini katika Sunrise mna kile kituko cha mashuani, mke anapotambua kwamba mumewe amemleta ziwani ili amtose. "Hasemi neno," alisema mjomba, "lakini unamsikia." Mpwa wake alijibu kwamba uso wa kuombea huruma ni mtaji rahisi, na kwamba wanawake wa filamu za enzi hizo walilipwa kwa machozi.

Mwaka uliofuata ulikwenda kwa Mary Pickford, kwa filamu ya Coquette, ya kwanza aliyosikika akizungumza. Pickford alikuwa miongoni mwa waasisi wa Akademia yenyewe iliyotoa tuzo, na inasimuliwa kwamba aliwaalika waamuzi nyumbani kwake kunywa chai. Binti aliangua kicheko. Neno chai halihitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa Kenya. Hata mjomba hakuthubutu kumtetea, aligeuza ukurasa.

Ukurasa uliomuuma ni wa Bette Davis. Katika Of Human Bondage ya mwaka 1934, Davis aliigiza mhudumu wa mkahawa mwenye roho ya kwanini, mhusika ambaye waigizaji wengi wangemkwepa kwa kuogopa kuchukiwa na watazamaji. Akademia haikumteua. Kelele zilizopigwa zilikuwa nyingi hata wapiga kura wakaruhusiwa kuandika kwa mkono jina lisilokuwa kwenye orodha. Hata hivyo, tuzo ilimwendea Claudette Colbert wa It Happened One Night, ambaye alifuatwa kwenye kituo cha garimoshi akiwa safarini, maana hakutarajia kushinda. Davis alipewa yake mwaka 1936 kwa filamu ya Dangerous, nayo mjomba aliiita kifuta machozi. Mkenya yeyote aliyewahi kuona kura zikihesabiwa, alisema, amekwisha kuielewa Hollywood.

Binti naye alikuwa na jeraha lake. Luise Rainer alishinda miaka miwili mfululizo, 1937 na 1938, na ushindi wa pili ulikuwa wa The Good Earth, ambamo alipakwa rangi akaigiza mkulima wa Kichina. Anna May Wong, mwigizaji wa ukoo wa Kichina aliyezaliwa papo hapo Los Angeles, hakupewa nafasi hiyo. Alipoambiwa ajaribiwe kwa nafasi ya Lotus, mwanamke mharibifu katika hadithi hiyo, alikataa. Mjomba alidai kwamba kazi ya Rainer ni ya kuheshimiwa, kwa kuwa anasema machache na mikono yake inafanya kazi kweli. Binti hakukataa kuhusu mikono. Alichosema ni kwamba mikono ya Wong haikupewa nafasi ya kuonekana. (Rainer mwenyewe alikuwa angali hai Jumapili hiyo, akiishi London na umri wa miaka 104, alifariki Desemba mwaka huohuo.)

Almuradi walifika mwaka 1940, mwaka wa Gone with the Wind. Mwigizaji bora wa kike alikuwa Vivien Leigh, aliyeigiza Scarlett O'Hara. Mwigizaji msaidizi bora alikuwa Hattie McDaniel, Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Oscar. Mjomba alitaka kumpongeza apite. Binti alimzuia. Alisema kwa sauti ya darasani kwamba tuzo ile ilikuwa tuzo ya utiifu. Kwamba Mammy ni mtumwa mnene, mwaminifu, asiye na haja nyingine duniani ila kumfunga bibi yake kamba za nguo ya kubana kiuno. Na kwamba chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, kilikuwa na sababu kuzilalamikia nafasi za namna hiyo. McDaniel anasemekana kujibu kwamba ni afadhali alipwe dola mia saba kwa wiki kwa kuigiza mtumishi kuliko kulipwa dola saba kwa kuwa mtumishi. "Hilo si jibu," alisema binti. "Ni aibu mtu mzima kupata sifa kwa kubeba trei ya Mzungu."

Mlangoni kunde zilikoma kuchambuliwa.

Katika miaka ya 1950, na baada yake, nyanya alikuwa yaya katika nyumba za Wazungu huko Kileleshwa. Karo ya mama yake binti yule, aliyeifungua njia ya karo ya binti mwenyewe, ilitoka humo. Jambo hilo lilijulikana na kila mtu chumbani, na hakuna aliyelikumbuka mpaka sentensi ile ilipokwisha kutamkwa.

Nyanya hakuonyesha hasira. Aliuliza tu: "Ni sinema gani hiyo ambayo yaya alipewa zawadi?" Aliikumbuka. Memsahibu mmoja alikuwa akiisimulia mezani kwa wageni, naye nyanya akiwa amesimama ukutani na sahani. Katika enzi hizo vibali vya filamu vilitolewa kwa kutazama rangi ya watazamaji, na yeye hakuwahi kuiona. Basi binti, ambaye sasa angetekeleza lolote aliloagizwa, alivuka Barabara ya Rabai hadi Buruburu akaitafuta diski. Filamu hiyo hukaribia saa nne. Alipoanza kumtafsiria nyanya Kiingereza, aliambiwa anyamaze: Kiingereza cha jikoni nyanya alikijua, na zaidi ya hayo alikuwa anatazama macho.

Hukumu yake haikumpendeza mbishi yeyote. Kwanza alisema filamu ile ni ya uongo. Uongo aliouona haukuwa ule wa mpwa na mjomba. Mammy anachungulia dirishani na kumgombeza binti wa mwenye nyumba kwa sauti kubwa, na jioni bado ana kazi! Nyanya mwenyewe alipata kumwambia memsahibu kwamba mtoto ana homa, asipelekwe kuogelea. Alifukuzwa siku hiyohiyo kwa ujuvi, na mtoto akalala kitandani wiki nzima. Waliotengeneza filamu, alisema, walitaka kuamini kwamba mtumishi alikuwa na ruhusa ya kusema.

Kisha akasema kwamba mwanamke yule, McDaniel, alijua. Alitaka arudishiwe mahali Rhett Butler anapomuuliza juu ya sketi ya ndani ya hariri nyekundu aliyomzawadia, naye Mammy anainua ukingo wa gauni kidogo tu. Haya imo, na majivuno yamo, na ipo hesabu ya mtu anayejua kwamba zawadi ya mwenye nyumba haipokewi bure. Halafu ngazi. Mtoto wa Scarlett amekufa, na Mammy anapanda ngazi pamoja na Melanie akimsimulia yaliyotokea chumbani, akilia huku akipanda, bila kusimama. "Hivyo ndivyo," alisema nyanya. "Huko juu kuna kazi. Unalia ukienda."

Mjomba alijaribu kusema kwamba hapo amezidiwa hata na Davis. Nyanya hakumsikiliza. Alimgeukia mjukuu wake.

"Wewe unasema alibeba trei. Mimi nimebeba trei miaka kumi na minne. Unadhani nilikuwa nani nilipoibeba? Kila asubuhi, nikifika lango la nyuma, nilivaa uso. Jioni niliuvua Jogoo Road. Hakuna aliyeniona nikiigiza, ndiyo maana nilifaulu."

Binti hakupata la kujibu, na ni heri hakulipata. Alichofanya ni kusoma kutoka simu yake habari za usiku wa tarehe 29 Februari 1940: kwamba hoteli ya Ambassador haikuwa ikipokea Weusi, na mtayarishaji wa filamu alilazimika kuombea McDaniel aingie, kwamba alikalishwa kwenye meza ndogo pembeni, mbali na wenzake wa filamu ileile, kwamba miezi miwili kabla hakuwapo filamu ilipozinduliwa Atlanta, na kwamba waigizaji wasaidizi wa miaka hiyo walipewa bamba, si sanamu. Bamba lake lilikabidhiwa Chuo Kikuu cha Howard, na huko likapotea. Akademia ilitoa jingine Oktoba 2023. Nyanya hakuishi kuisikia habari hiyo.

Lakini Jumapili ile aliuliza swali moja zaidi. "Jina lake nani?"

"Hattie McDaniel."

"Huyo ni mwigizaji. Yule yaya. Jina lake nani?"

Binti alitafuta. Katika filamu yote ya karibu saa nne hakuna anayemwita ila Mammy, na katika riwaya iliyozaa filamu hiyo ni vilevile. Nyanya alitikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokitarajia, akataja jina la Kizungu ambalo watu wa Kileleshwa walimwitia kwa sababu lake la nyumbani liliwashinda ulimi. Wajukuu hawakuwa wamewahi kulisikia. Miezi saba baadaye, Oktoba 2014, ilitoka riwaya ya Donald McCaig, Ruth's Journey, ambamo Mammy amepewa jina la Ruth. Binti alikuja nayo mbio kama aliyeleta posa. Nyanya alitaka kujua ni nani aliyempa jina hilo. Alipoambiwa ni Mzungu, alicheka mpaka akashika mbavu.

Lilibaki daftari. Mjomba alikuwa tayari kulikata jina la Vivien Leigh katika mwaka 1940 na kuandika la McDaniel badala yake. Nyanya alimkataza: msichana yule naye alifanya kazi yake, asinyang'anywe. Amwandike huyu mwingine chini yake. Mjomba akauliza amwandike safu ya wahusika wakuu au ya wasaidizi, maana kanuni ni kanuni. Binti alisema wakuu. Mjomba alisema kwa dakika alizoonekana ni msaidizi, na kwamba wakianza kuvunja safu watalazimika kumrudia Davis. Ugali uliletwa, na kalamu ikawekwa kando ya sahani bila kifuniko, kwani ubishi ulikuwa haujakwisha.