Mwanasesere wa Gunzi

Msimu ule wa mavuno ya mpunga, mama alirudi Ubaruku kutoka hospitali mikono mitupu. Nilikuwa na miaka saba. Nikaokota gunzi la mahindi, nikalibandika ndevu za mahindi kichwani kwa tope la mfereji. Mikono nikaisokota kwa mabua ya mpunga. Kilichoniponza ni nguo: nilikata pindo la kanga iliyonunuliwa kumbebea mdogo wangu.

Mama alinikuta nyuma ya jiko, mwanasesere mgongoni. Nikasubiri fimbo. Akachuchumaa, akaifungua kanga, akaifunga upya.

“Mshike vizuri, mwanangu. Mtoto mchanga hajakaza shingo.”

Gunzi halina shingo, nilitaka kumwambia. Akaniuliza anaitwa nani. Sikuwa nimempa jina. Mama alikuwa nalo.